Ndege, Kivuli na Okidi: Mwongozo Kamili wa Bustani ya Nyumbani

Watu wengi wanaotaka bustani yenye ndege na okidi huanzia mwisho. Hununua okidi iliyokwisha kuchanua, huiweka popote penye nafasi, na maua yakianguka hudhani mmea umekufa. Hununua kilishio cha ndege, hukijaza nafaka, kisha hushangaa kwamba wanaokuja ni ndege wale wale wawili watatu waliokuwapo tangu zamani. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: kivuli kwanza, maji pili, chakula kinachoota chenyewe tatu, na okidi mwisho kabisa. Sababu ni kwamba ndege wengi wa bustanini na okidi nyingi tunazopanda majumbani ni viumbe wa mtini. Ukishapata mti mzuri, hewa inayopita na unyevu wa kutosha, umewahudumia wote kwa mkupuo mmoja.

Huhitaji shamba. Ua mdogo wenye mti mmoja na vichaka vitatu unatosha, na hata mwenye baraza lenye vyungu anaweza kufuata hatua nyingi za hapa.

Soma mwanga kabla ya kushika jembe

Chagua siku ya jua kali uitazame bustani yako mara nne: jua linapochomoza, saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni. Chora ramani ya mkono kwenye karatasi na utie alama kila palipo na kivuli kwa kila saa. Unachotafuta ni mahali ambapo jua la asubuhi linafika lakini la mchana halifiki, kwa kawaida upande wa mashariki wa mti au wa nyumba. Hapo ndipo penye thamani kuliko pote, kwa sababu panafaa okidi, panafaa beseni la maji, na panafaa kiti chako. Rudia zoezi hili majira yakibadilika, maana jua huhama na kivuli huhama nalo.

Angalia pia upepo unatokea wapi. Upepo mkavu wa moja kwa moja hunyausha mizizi ya okidi na huwafanya ndege wakose utulivu wa kutua. Ukuta mtupu hausaidii sana, kwa sababu upepo huuruka na kushuka kwa nguvu upande wa pili. Ua wa vichaka huuchuja.

Panda kwa ghorofa

Msitu una ghorofa: miti mirefu, miti midogo, vichaka, mimea ya chini, na majani makavu ardhini. Kila ghorofa ina wakazi wake. Kigong'ota hupanda mashina, shore hujificha kwenye vichaka vyenye matunda, chozi hufuata maua, tetere hutembea chini akiokota mbegu. Bustani ya nyasi tupu zilizokatwa fupi ina ghorofa moja tu, na ndiyo maana hupata wageni wachache hata ukimwaga nafaka kila siku.

Anza na miti ya asili ya eneo lako. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote jingine katika upandaji. Wadudu wa mahali wamezoea kula majani ya mimea ya mahali hapo kwa vizazi vingi, na wadudu hao ndio chakula cha makinda. Mti wa kigeni unaweza kupendeza macho kwa maua yake na usiwe na kiwavi hata mmoja. Kwa ndege anayelea, mti huo ni sawa na nguzo.

Chimba shimo lenye upana mara mbili ya donge la mizizi, lakini kina kisizidi kile cha donge lenyewe, ili mti usidumbukie udongo ukishashuka. Sehemu ambapo shina linaanza kupanuka kuwa mizizi ionekane juu ya udongo. Ukiizika, gome litaoza taratibu. Weka matandazo ya majani makavu au vipande vya magome, unene wa sentimita 5 hadi 8, na uyasogeze kando ili yasiguse shina. Mwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogo kidogo kila siku, mizizi ishuke chini kutafuta maji.

Katika vichaka, changanya vya matunda na vya maua, ukichagua ili pasipite majira ambayo bustani haina kitu. Maua marefu yenye umbo la mrija, hasa mekundu na ya rangi ya chungwa, ndiyo yanayowavuta ndege wanaokunywa mbochi. Jamii za mshubiri ni mfano mzuri penye hali ya hewa inayoziruhusu. Alizeti na nyasi zenye mbegu ziache zikauke zikiwa zimesimama, usizikate mara baada ya kuchanua. Tawi lililokauka juu ya mti, kama haliwezi kumwangukia mtu, liache pia. Ndege hupenda kutua kwenye tawi lisilo na majani ili waone mbali, na wewe unawaona vizuri zaidi.

Majani makavu chini ya vichaka usiyafagie. Najua hili huwakera wanaopenda ua msafi. Tenga basi kona moja, fagia kwingine kote, na utaona baada ya muda ni kona ipi ina ndege wanaopekua na kurusha majani huku na huku wakitafuta minyoo na mende.

Maji

Kama ungeniruhusu kitu kimoja tu katika bustani nzima, ningechagua beseni la maji. Si ndege wote wanaokula nafaka, lakini karibu wote hunywa au huoga, na maji huwaleta hata wale ambao hawatatua kamwe kwenye kilishio chako.

Beseni liwe pana na la kina kifupi: sentimita 2 au 3 pembeni, na zisizidi 5 katikati. Kingo ziteremke taratibu. Ukiwa na beseni lenye kina kirefu, weka jiwe bapa katikati, ncha yake ikitokeza juu ya maji. Sehemu ya ndani iwe na mikwaruzo, kwa sababu ndege hukataa kuingia panapoteleza. Udongo wa kuchoma au saruji hushinda plastiki laini. Liweke mita 2 au 3 kutoka kichaka kizito. Likiwa karibu zaidi, paka atavizia ndani yake. Likiwa mbali zaidi, ndege aliyelowa, ambaye hawezi kuruka vizuri, hana pa kukimbilia.

Badilisha maji kila siku, au angalau kila siku ya pili, na usugue beseni kwa brashi. Mbu wanahitaji maji yaliyotulia kwa takriban wiki moja au zaidi ili wakue kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo ukibadilisha mara kwa mara hawapati nafasi.

Ukitaka kuongeza mvuto, fanya maji yadondoke. Tundika chupa yenye tundu dogo la sindano juu ya beseni, tone moja moja lianguke. Sauti na mtikisiko wa tone huwafikia ndege wanaopita juu. Kisha kaa utazame kwa utulivu namna ndege anavyooga: kwanza hutua pembeni na kutazama kila upande, hunywa funda, huingia hadi kifuani, huzamisha kichwa na kukiinua haraka ili maji yateremke mgongoni, hupiga mabawa, hutoka, na kazi ndefu huanza ya kunyoosha unyoya mmoja mmoja kwa mdomo. Manyoya machafu hayahifadhi joto wala hayarushi vizuri, kwa hiyo kuoga kwake ni shughuli ya kujihifadhi maisha.

Chakula: viwavi kwanza, nafaka baadaye

Ndege wengi wa nchi kavu, hata wale ambao wakiwa wakubwa hula mbegu, huwalisha makinda wao wadudu. (Njiwa na jamaa zake ni tofauti: huwatapikia makinda uji mzito unaotengenezwa kwenye gole zao, dume na jike pia.) Hesabu yenyewe inashangaza. Kwa Poecile carolinensis, ndege mdogo wa Marekani ambaye uzito wake ni kama gramu 10, imekadiriwa kwamba kulea makinda wa kiota kimoja kunahitaji viwavi 6,000 hadi 9,000. Ndiyo maana dawa ya kuua wadudu haina nafasi katika bustani hii. Ukipuliza leo, umefunga jikoni la ndege, na wale wanaookota wadudu wanaokufa hula sumu pamoja nao. Majani yenye matundu yakubali. Vidukari wakizidi, warushe kwa maji ya mpira yenye nguvu, na uwape ndege na wadudu walaji muda wa kuwagundua.

Nafaka ni nyongeza nzuri, hasa majira chakula kinapoadimika. Weka kiasi kinachoisha kwa siku moja, mahali pakavu. Mkate hujaza tumbo bila kulisha, na chochote chenye chumvi ni hatari. Penye ndege wanywao mbochi waliozoea vilishio vya maji ya sukari, kipimo ni sukari nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu nne, bila rangi na bila asali, na kinywaji kibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, mapema zaidi kwenye joto. Mimi napendelea kupanda maua. Ua halihitaji kuoshwa.

Kilishio kinahitaji, tena sana. Ndege wengi wakila mahali pamoja huambukizana. Mwaka 2005 nchini Uingereza, ugonjwa wa kimelea Trichomonas gallinae, uliofahamika kwa njiwa, ulianza kuonekana kwa ndege wa jamii ya chiriku, na mmoja wao, Chloris chloris, aliyekuwa wa kawaida sana bustanini, akapungua vibaya katika miaka iliyofuata. Osha kilishio angalau kila wiki mbili: sugua uchafu, loweka katika dawa ya klorini ya kufulia sehemu moja kwa maji sehemu tisa, suuza vizuri, na kikauke kabisa kabla ya kukijaza tena. Ukimwona ndege amejikunyata, manyoya yamefutuka, haogopi na hawezi kumeza, ondoa vilishio vyote na umwage maji ya beseni, kisha usubiri wiki kadhaa wote watawanyike.

Vioo na paka

Ndege haoni kioo. Huona mti unaoakisiwa ndani yake na kuurukia. Alama moja ya mwewe iliyobandikwa katikati ya dirisha haisaidii. Weka nukta au mistari upande wa nje wa kioo kizima, nafasi kati yake zisizidi sentimita 5. Kilishio kiwe karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ili ndege asipate kasi ya kujiumiza, au kiwe mbali, zaidi ya mita 10.

Paka akae ndani, hasa alfajiri na jioni, na asubuhi zote wakati makinda wanaanza kutoka viotani. Kengele shingoni humpunguzia mafanikio, haimzuii.

Viota

Vichaka vizito vyenye miiba ndivyo sanduku bora la kiota. Kwa ndege wanaozaa kwenye mashimo, sanduku la mbao lisilopakwa rangi ndani hufaa: ukuta wa milimita 15 au zaidi ili lisichemke, matundu madogo sakafuni ya kutoa maji, na paa linalofunguka kwa ajili ya usafi. Kwa ndege wadogo tundu la kuingilia liwe milimita 28 hadi 32. Usiweke kijiti cha kutulia mbele ya tundu. Mwenye nyumba hakihitaji, na mwizi wa mayai hukitumia. Litundike mita 2 hadi 4 kutoka ardhini, likitazama upande usiopigwa na jua la mchana wala mvua ya upepo. Msimu ukiisha, toa kiota cha zamani, mwagia sanduku maji yanayochemka kuua viroboto, likauke.

Pogoa miti na vichaka nje ya msimu wa kuzaa. Ukimkuta kinda ardhini mwenye manyoya anayerukaruka, mwache, au msogeze tu kichakani kama yuko njiani; wazazi wako karibu na wanaendelea kumlisha. Aliye uchi, asiye na manyoya, mrudishe kiotani kwa mkono. Wazazi hawamkatai kwa sababu ya harufu yako.

Kukaa na kutazama

Saa ya kwanza baada ya mapambazuko ndiyo saa ya ndege. Kaa mahali pale pale, uvae nguo zisizong'aa, usisogeesogee. Baada ya siku kadhaa watakuhesabu kuwa sehemu ya bustani. Darubini ya 8x42 inatosha kwa kila kitu: 8 ni ukuzaji, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na muungano huo hutoa picha angavu isiyotetemeka mkononi. Kwa bustani ndogo, hakikisha inaweza kuona vizuri kitu kilicho mita 2 au 3 tu.

Jifunze umbo na mwendo kabla ya rangi. Rangi hubadilika na mwanga, na majike mengi yana rangi hafifu. Mdomo ni mnene au mwembamba? Mkia unatikiswa juu na chini au umetulia? Anatembea hatua kwa hatua au anaruka miguu yote miwili? Kwa sauti, Merlin, programu ya simu ya Chuo Kikuu cha Cornell inayotambua ndege, inasaidia sana katika maeneo mengi, lakini ichukue kama pendekezo na umtafute ndege mwenyewe kwa macho. Ukipenda kuchangia, zoezi la Great Backyard Bird Count, lililoanza 1998, hufanyika Februari kila mwaka: unahesabu ndege mahali ulipo kwa dakika 15 au zaidi na kuwasilisha orodha.

Kuna jambo moja huwatisha wageni wa kazi hii. Siku ya jua kali unaweza kumkuta ndege amejitandaza chini, mabawa wazi, mkia umetanuliwa, mdomo wazi, manyoya ya kichwa yamesimama, kana kwamba anakata roho. Usimkimbilie. Anaota jua, na joto hilo inaaminika humsaidia dhidi ya wadudu wa manyoyani. Baada ya muda mfupi atajikung'uta na kuondoka.

Okidi sasa

Jamii ya okidi ina takriban spishi 28,000 na ni mojawapo ya jamii mbili kubwa kuliko zote za mimea ya maua. Nyingi huota juu ya miti bila kuinyonya. Hushikilia gome tu, hunywa mvua na ukungu, na hula kile kinachooza kwenye mikunjo ya matawi. Ukilielewa hilo, huwezi tena kuizika kwenye udongo wa bustani, ambao huziba hewa na kuozesha mizizi kwa muda mfupi.

Nunua mimea iliyozalishwa vitaluni. Okidi za porini huhitaji idhini, na jamii nzima imo katika orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe kati ya nchi. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi na hazina akiba ya chakula. Porini huota zikikutana na kuvu anayezilisha. Mwaka 1922 Lewis Knudson, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alionyesha kwamba zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa zenye sukari na madini bila kuvu huyo, na kazi hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa vitalu vya leo. Hakuna haja ya kung'oa chochote msituni.

Anza na Phalaenopsis, yenye majani mapana mazito na maua bapa yanayodumu miezi miwili hadi mitatu. Inavumilia hali za ndani ya nyumba na za barazani. Dendrobium na Cattleya huomba mwanga zaidi na zina mashina yaliyovimba yanayohifadhi maji, kwa hiyo huvumilia ukame kidogo. Dukani, tazama mizizi kabla ya maua: iwe migumu, ya kijani au ya rangi ya fedha. Chagua mmea wenye matumba ambayo hayajafunguka, ufurahie muda mrefu.

Mwanga upime kwa mkono. Saa sita mchana, inua mkono sentimita 30 juu ya majani. Kivuli chenye kingo laini zilizofifia ni mwanga unaofaa Phalaenopsis; kivuli kinachoonekana wazi zaidi kinafaa Dendrobium na Cattleya; kusipokuwa na kivuli kabisa, okidi itaishi bila kuchanua. Majani nayo husema: kijani kizito sana ni giza limezidi, kijani cha manjano au wekundu pembeni ni jua limezidi, na doa jeupe linalogeuka jeusi ni kuungua.

Kuhusu maji, nataka uitazame mizizi kwa karibu. Kila mzizi umevikwa tabaka jeupe la sponji. Likikauka huwa na rangi ya fedha. Likinywa hugeuka kijani mbele ya macho yako kwa dakika chache. Huo ndio mwongozo wako, si kalenda. Mizizi ikiwa ya kijani, subiri. Ikiwa ya fedha, mwagilia asubuhi mpaka maji yatiririke kupitia matundu ya chungu, kisha maji yote yaondoke. Usiache maji yakae katikati ya majani ya Phalaenopsis, maana huozesha kitovu cha mmea. Maji ya mvua ni bora kuliko yote.

Mbolea iwe dhaifu: robo ya kipimo kilichoandikwa, kila wiki wakati majani na mizizi mipya inapotoka. Mara moja kwa mwezi mwagilia maji matupu mengi kusafisha chumvi iliyobaki.

Kila mwaka mmoja au miwili, maua yakishaisha, badilisha kile okidi inachooteshewa, yaani vipande vya magome:

1. Loweka chungu dakika 15 ili mizizi ilainike, kisha toa mmea na uondoe magome yote yaliyooza.
2. Pitisha wembe au mkasi kwenye moto, uache upoe, ukate mizizi iliyo laini na mitupu ndani. Moto ni wa lazima kwa kila mmea, kwa sababu virusi vya okidi husafiri kwenye makali na havina dawa.
3. Weka mmea kwenye chungu chenye matundu mengi kinachotosha mizizi tu. Chungu kikubwa hukawia kukauka.
4. Jaza vipande vya magome vya sentimita 1 hadi 2, ukichanganya mkaa au makumbi. Shindilia kwa vidole mpaka mmea usitikisike.
5. Uweke kivulini, usubiri siku chache kabla ya kumwagilia ili majeraha yafunge.

Penye hewa ya joto na unyevu mwaka mzima, nenda mbali zaidi: ifunge okidi kwenye mti. Chagua gome lenye mikwaruzo lisilobanduka, upande unaopata jua la asubuhi. Fanya hivyo mizizi mipya inapoanza kuchomoza. Ikumbatishe mizizi kwenye gome, ufunge kwa ukanda wa kitambaa laini au kamba ya mkonge, si waya. Phalaenopsis iinamishe majani yatazame chini, kama inavyoota porini, ili mvua iteremke. Mwagilia kila siku hadi mizizi ishike, kisha kata ukanda.

Kuchanua tena kunahitaji subira na usiku wenye ubaridi kidogo. Phalaenopsis ikipata wiki tatu au nne ambazo usiku hushuka chini ya nyuzi 20, huwa inaanza kutoa kikonyo cha maua. Kitofautishe na mzizi: ncha ya mzizi ni ya mviringo na inang'aa, ya kikonyo ni bapa, ina mikunjo, na huelekea juu. Ukishakiona, usiuzungushe mmea. Maua yakiisha na mmea una nguvu, kata kikonyo juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, huenda kikatoa tawi jipya. Mmea uliochoka ukatie chini kabisa upumzike. Baadhi ya Dendrobium huchanua kwenye mashina ya zamani yasiyo na majani, kwa hiyo usiyakate ukidhani yamekufa. Matumba yakianguka kabla ya kufunguka, angalia kama umeweka matunda yanayoiva karibu: gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda huangusha matumba na kunyausha maua.

Wadudu weupe wanaofanana na pamba na wale wenye magamba ya kahawia hujificha nyuma ya majani. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye chungu, watafute hao, kwani sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Wapanguse kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, urudie baada ya wiki. Konokono hula ncha za mizizi usiku. Watoe kwa tochi na mkono, kwa kuwa chambo cha sumu kinaweza kuua ndege pia.

Ndege na okidi wanapokutana

Kinyesi cha ndege kwenye jani kipanguse kwa kitambaa chenye maji kabla hakijakauka, vinginevyo huacha doa na kukaribisha kuvu. Usitundike okidi moja kwa moja chini ya tawi wanalolala.

Msimu wa kujenga, ndege watakuja kunyofoa makumbi kwenye vyungu vyako. Hushika uzi kwa mdomo, huvuta kwa uzito wa mwili wote wakirudi nyuma, na wakati mwingine hung'oa mche mdogo pamoja nao. Suluhisho ni kuwapa wao: tundika wavu mdogo uliojaa makumbi na nyasi kavu mbali na okidi, na ufunike vyungu kwa changarawe hadi msimu upite. Usiwatolee nyuzi ndefu za nailoni wala nywele. Hunasa miguu ya makinda.

Na siku moja, ukiwa na vikapu vya kuning'inia, utakuta mayai ndani ya okidi. Kwa ndege wengi wadogo, kuatamia huchukua takriban wiki mbili na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine. Okidi iliyokomaa yenye mizizi mizuri inaweza kuvumilia kipindi hicho. Usihamishe kikapu hata kidogo. Mwagilia polepole upande wa pili wa kikapu, kwa kopo lenye mdomo mwembamba, wakati mzazi ameondoka mwenyewe, na usitie mbolea. Makinda wakishatoka, subiri siku chache uone kama jike anarudi kutaga tena, maana wengine hulea mara mbili kwa msimu. Asiporudi, vaa glavu, toa kiota, kagua mizizi iliyokuwa chini yake, na uoteshe mmea upya kwa hatua zile tano za juu, kwa sababu magome yaliyolowa kinyesi yana chumvi nyingi kuliko okidi inavyoweza kustahimili.